Kinyweleo katika Istilahi ya Matofali ya Tanuri

Kinyweleo cha ngozi kwa kawaida ki wazi. Katika tofali la udongo unaohimili moto, vingine hufumbika ndani. Istilahi haina budi kuonyesha tofauti hiyo, kwani kipimo cha maji hakivifikii vilivyofumbika. Tuseme kipande kikavu kina gramu 400. Kikichemshwa hadi kikashiba maji, gramu 440. Kikining'inizwa majini, gramu 240. Maji yaliyoingia ni 40, yaliyosukumwa ni 200: asilimia 20. Kuita hesabu hiyo "uvinyweleo" tu ni kupotosha. Ni "uvinyweleo wa wazi". Nao ndio wenye madhara, maana humo ndimo hupenya mavi ya chuma yaliyoyeyuka yakalila tofali. Vilivyofumbika havipenyezi kitu, bali hupunguza mwendo wa joto.