Mada ya tasnifu si bahari nzima, chota ndoo yako

Kuna kundi la watu unalijua vizuri, labda hata wewe umo. Masomo ya darasani ya uzamili walimaliza kitambo, mitihani wakapita, karo wakalipa kwa kujinyima. Halafu wakafika kwenye tasnifu wakakwama. Mwaka umeisha, wa pili umeingia, na ukiwauliza wanafuzu lini jibu ni lile lile: "Bado natafuta mada."

Mimi chuo niliachana nacho kabla ya shahada ya kwanza, kwa hivyo sijaja kukufunza nadharia. Lakini marafiki hunitumia mapendekezo yao ya utafiti niwapitishie macho, na nimesoma ya kutosha kuona kitu kimoja. Wengi hawajakosa mada. Waliyo nayo ni kubwa mno.

Chukua hii: "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana nchini Kenya." Inasikika poa, si ndiyo? Sasa ibane kwa maswali. Vijana gani? Katiba ya 2010 inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Hapo umeweka kapu moja msee wa mwaka wa kwanza chuoni na mama wa watoto watatu. Kenya wapi? Kaunti ziko 47, na nauli ni yako. Mtandao upi? Athari zipi, za mfukoni au za kichwani?

Ukijibu yote hayo unaweza kubaki na hii: "Wauzaji mitumba wa Gikomba wenye umri wa miaka 18 hadi 24 wanatumiaje TikTok kupata wateja wasiofika sokoni?" Sasa unajua utapanda matatu gani, utaongea na nani na utawauliza nini. Ona pia kwamba hicho si kichwa tena, ni swali. Kichwa unaweza kukizunguka miaka mitano. Swali linadai jibu.

"Lakini nikibana hivyo si itakuwa kamada kadogo?" Hapana. Wachumi Tavneet Suri na William Jack hawakuuliza kama teknolojia inaendeleza Afrika. Waliangalia maisha ya familia za Kenya yanavyobadilika mawakala wa M-Pesa wanapoongezeka karibu nao. Mwaka 2016 jarida la Science likachapisha walichopata: huduma hiyo ilikuwa imetoa familia 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya familia za Kenya. Swali lilikuwa jembamba, jibu likazunguka dunia.

Kama huna hata pa kuanzia, ingia kwenye hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Iko mtandaoni. Tafuta tasnifu za eneo lako, ruka mpaka sura ya mwisho, soma sehemu ya mapendekezo ya utafiti zaidi. Pale waliokutangulia wamekuachia maswali ambayo hawakuyafikia. Ukikuta swali lako tayari limejibiwa, usilie. Badilisha mahali, watu au wakati, mradi uweze kueleza kwa nini mabadiliko hayo yana maana.

Kisha pima mada kwa mfuko na kalenda. Utahitaji leseni ya NACOSTI kabla ya kwenda nyanjani, na kama takwimu zako ziko kwenye kabati la ofisi fulani, hakikisha mapema kwamba watakufungulia. Mada tamu isiyo na takwimu ni ndoto ya mchana.

Msimamizi naye mwone mapema, ukiwa na maswali mawili au matatu kwenye karatasi moja. Ukienda mikono mitupu atakupa mada yake, na wewe ndiye utakayelala nayo miaka miwili.

Jipe mtihani huu leo jioni. Andika swali lako kwa sentensi moja, umtumie binamu yako ambaye hajasomea mambo yako. Akikuuliza "unamaanisha nini?", rudi ukalibane. Akikujibu "eh, na ukapata nini?", anza kuandika.