Mahandaki ya Maji ya Makabaila wa Uingereza

Mtaro mpana wenye maji ya kijani unazunguka kiwanja cha pembe nne kilichoota majani. Ng'ombe hunywa humo, na mgeni hudhani ni bwawa la mifugo. Kumbe katikati palisimama nyumba ya kabaila, pamoja na jiko, ghala na pengine kanisa dogo. Nchini Uingereza makao ya namna hii yapatayo 6,000 yanajulikana, mengi yakiwa mashariki na katikati ya nchi, hasa Essex na Suffolk, ambako udongo wa mfinyanzi hauachi maji yapotee.

Mengi yalichimbiwa mahandaki kati ya 1250 na 1350. Ni rahisi kuyaita ngome, lakini handaki la kawaida lingemzuia mwizi, si jeshi. Sababu kubwa ilikuwa heshima. Wafalme na wakuu walikuwa na ngome zilizozungukwa na maji. Kabaila mdogo naye alitaka kila apitaye ajue hapo pana bwana. Hata hivyo handaki lilikuwa na kazi zake. Udongo uliotolewa uliinua kiwanja, nyumba ikakaa pakavu, na maji yalifugiwa samaki, chakula cha lazima siku za Ijumaa na Kwaresima, ambapo Wakristo hawakula nyama.

Tauni iliyoingia nchini 1348 iliua watu wengi mno, na makao kadhaa yakahamwa. Huko Kent, Ightham Mote bado ina nyumba ya karne ya 14 katikati ya maji yake. Penhallam, huko Cornwall, ilibomoka na mawe yake yakachukuliwa; misingi ya kuta zake ilifukuliwa kuanzia 1968.

Hazina kubwa zaidi imo kwenye tope. Pasipo hewa, mbao, ngozi na mbegu haziozi, na pete za mti kwenye nguzo ya daraja huweza kuonyesha mwaka mti huo ulipokatwa. Ndiyo maana kulifukia au kulilima handaki ni hasara isiyolipika. Sheria ya mambo ya kale ya 1979 inalinda mahandaki yaliyoorodheshwa tu.

Hata yaliyofukiwa hayapotei kabisa. Kiangazi kikiwa kikali, ngano iliyo juu ya handaki hubaki kijani wakati ya pembeni imeshageuka manjano, kwa kuwa udongo wa pale chini bado una unyevu. Kutoka kwenye ndege, zile pembe nne huonekana tena.