Epictetus: Mtumwa Aliyefundisha Uhuru

Neno falsafa tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao lilimaanisha kuipenda hekima. Kwa wengi wao falsafa ilikuwa mwenendo wa kila siku, wala si elimu ya vitabuni peke yake.

Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo. Alikuwa kilema wa mguu, tena mtumwa wa Epaphroditus, mtumishi wa Kaisari Nero, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Akiwa bado utumwani mjini Roma alihudhuria masomo ya Musonius Rufus. Baadaye aliachwa huru, akafundisha. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, alihamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitabu, aliyeyahifadhi maneno yake ni mwanafunzi wake Arrian, na Kaisari Marcus Aurelius alikuwa miongoni mwa waliozisoma kumbukumbu hizo.

Msingi wa mafundisho yake ni huu: hukumu zetu, matamanio yetu na hiari yetu vimo katika uwezo wetu, mwili, mali, cheo na sifa havimo. Anayevishikilia hivi vya pili kana kwamba ni vyake ni mtumwa, hata akiwa mtawala. Alitoa mfano wa abiria ambaye chombo chake kimetia nanga, akashuka kuteka maji. Njiani anaweza kuokota kombe, lakini sikio lake liwe kwa nahodha. Akiitwa, aviache vyote. Karne kadhaa baadaye, al-Kindi wa Baghdad aliutumia mfano kama huo, kwa urefu zaidi, katika risala yake ya kuondoa huzuni.

Je, mafundisho haya hayamzoeshi mnyonge kuridhika na unyonge wake? Swali ni la haki, kwani Epictetus hakutoa wito wa kukomesha utumwa. Hata hivyo, ridhaa aliyoihimiza haikuwa utiifu kwa mdhalimu. James Stockdale, rubani wa kijeshi wa Marekani, alikuwa ameyasoma mafundisho hayo kabla ndege yake haijatunguliwa Vietnam ya Kaskazini mwaka 1965. Alifungwa zaidi ya miaka saba, akateswa, lakini aliwaongoza wafungwa wenzake katika kuwakaidi watesi wao, na baadaye alieleza kwamba Epictetus ndiye aliyemtegemeza. Aliachiliwa mwaka 1973, naye pia akichechemea.