NGE MAJUMBANI NA MAGHALANI

Msimu wa kukusanya mazao huwakutanisha watu na nge, kwa kuwa magunia, kuni na matofali yaliyorundikwa humpa maficho ya mchana. Nge ana miguu minane, naye ni wa jamaa ya buibui. Hutoka usiku kuwinda mende na nyenje, na humchoma mtu anapobanwa au kukanyagwa.

Yafaa basi kumnyima maficho na chakula. Kuni na mawe viwekwe mbali na nyumba. Nyufa na uwazi chini ya mlango vizibwe. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Aliyechomwa aoshwe kwa maji na sabuni, kisha awekewe kitambaa cha maji baridi. Asichanjwe, asifungwe kamba, wala sumu isifyonzwe. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, kwa maana mwili mdogo huelemewa na sumu upesi. Vivyo hivyo mtu mzima anayepumua kwa shida.

Makatibu wa vyama wahakikishe kwamba kila mpagazi wa ghala anayajua haya kabla ya ununuzi kuanza.