"Mdudu" au "Kisumbufu"?

Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea wa mwaka 1951, pamoja na marekebisho yake, hukusanya chini ya istilahi moja wanyama, mimea na vimelea vya magonjwa vinavyodhuru mimea. Wafasiri wengi huandika "wadudu". Tunaonelea kuwa tafsiri hiyo ina hatari.

Tuchukue muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na H. H. Storey huko Amani, Tanga, mwaka 1936, husababishwa na virusi. Nzi weupe huueneza jirani, bali safari ndefu huusafirisha mwanadamu mwenyewe, ndani ya pingili anazokwenda kupanda. Pingili hizo zaweza kuonekana nzima kabisa. Mkulima anayekatazwa kuhamisha miti ya muhogo yenye wadudu ataikagua, asione mdudu, aifunge na kuipeleka wilaya nyingine. Kanuni kama alivyoisoma hakuivunja, lakini mizizi itaoza huko iendako.

Neno "kisumbufu", ambalo wataalamu wa kilimo wamekwisha lizoea, lafaa zaidi. "Mdudu" libaki kwa mdudu hasa, kama dumuzi wa mahindi (ambaye wakulima wa Tanzania walimwita pia Skania, jina la lori!).

"Mbegu" nalo lataka uangalifu. Mkulima huziita pingili zake mbegu. Karani huwaza punje tu. Heri kanuni iandikwe "mbegu na vipando", na pingili za muhogo zitajwe waziwazi.