Kumjua Amchorwaye: Mfano wa Picha Mbili za Australia

Somo la kuchora sura ya mtu huanza vibaya katika madarasa mengi. Mwalimu huchora duara ubaoni, hutia macho, pua na mdomo, kisha watoto hunakili. Zikapatikana nyuso arobaini zisizo za mtu yeyote. Sisi twaonelea kwamba mchoraji hana budi kumjua kwanza amchoraye. Tutalieleza jambo hili kwa picha mbili zilizoshinda tuzo ya Archibald, ambayo hutolewa Sydney, Australia, tangu 1921 kwa picha za watu.

Ya kwanza ni ya William Dargie, Mzungu, aliyeshinda mwaka 1956. Alimchora Albert Namatjira, mwenyeji wa asili wa kabila la Arrernte, aliyesifika kwa kuchora milima na miti ya kwao kwa rangi za maji. Katika picha hiyo Namatjira ameshika mojawapo ya kazi zake mwenyewe, hata mtazamaji akapata mtu na kazi yake pamoja. Mwaka 1957 alipewa haki za uraia ambazo wenyeji wenzake wengi walinyimwa. Mwaka 1958 akahukumiwa kifungo kwa kumpa pombe jamaa yake asiye na haki hizo. Alifariki mwaka 1959.

Ya pili ni ya 2020. Vincent Namatjira, kitukuu wa Albert, alijichora pamoja na Adam Goodes, akawa mwenyeji wa asili wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Goodes, mwenyeji pia, aliichezea timu ya Sydney michezo 372 ya kandanda ya Australia (ile ya mpira wenye umbo la yai), akapata medali ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2003 na 2006. Mwaka 2013 mtazamaji mmoja, msichana wa miaka 13, alimwita sokwe. Goodes alisema kwamba mtoto yule asilaumiwe. Hata hivyo, baadaye umati ukawa unamzomea kiwanja hata kiwanja, mpaka alipoacha kucheza mwaka 2015.

Tumekaa juu ya habari hiyo kwa sababu dhihaka ya namna ile imo madarasani mwetu. Mtoto aambiwapo amchore mwenzake, huanza na kinachochekesha: pua, masikio, weusi wa ngozi. Darasa hucheka, na aliyechorwa huinamisha kichwa.

Kwa hiyo wapangwe wawili wawili. Kabla ya kushika penseli, kila mmoja amwulize mwenzake: wapenda kufanya nini? Ungependa uonekane umeshika kitu gani? Dakika kumi zatosha. Kisha wachore mtu pamoja na jembe lake, au mpira wake wa matambara. Vipimo vya uso vifundishwe baadaye, kazi ikiwa mezani. Picha isibandikwe ukutani mpaka aliyechorwa akubali. Katika kipindi kinachofuata kila mtoto ajichore mwenyewe, na achague atakayesimama kando yake.