UDEREVA WA LORI NI AMANA

Sisi watu wa Pwani tulimjua nahodha kabla ya kumjua dereva. Wenye mali walimpakilia nahodha bidhaa zao, wakabaki pwani wakimwombea salama. Walimtaka azijue nyota, pepo na miamba, lakini la kwanza walilomtaka ni uaminifu, kwani huko baharini hapakuwa na jicho lao la kumtazama.

Leo shehena ishukayo Kilindini hukabidhiwa dereva wa lori. Mwingine huishia Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480. Mwingine hupita Malaba au Busia, akaingia Uganda, na kufika Kigali au Kongo. Huyu ndiye nahodha wa nchi kavu, na taniboi wake ndiye baharia. Wako wanaodhani kuwa kazi hii ni ya yeyote awezaye kushika usukani na kukanyaga mafuta. Mimi nasema la hasha, na nitaeleza kwa nini.

Dereva aliyeiva humjua kabla hajaondoka. Huzigonga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio, kwani tairi iliyopungua upepo hailii kama iliyojaa. Hukagua komeo zilishikazo kontena juu ya trela. Hungoja breki zijae upepo. Hutazama taa za nyuma, maana lori lisilo taa likiharibika usiku katikati ya njia ni mtego wa mauti kwa ajaye nyuma. Hayo yote huyafanya wala hakuna anayempa asante.

Kisha yaja mambo ya mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, tena hizo ni kwa gari lenye ekseli saba. Ndiyo sababu ya mizani ya Mariakani, na ile ya karibu na Nairobi ambayo foleni zake za malori ziliupa mji wa Mlolongo jina lake. Tuliosoma chuoni twaijua Suratul Mutaffifin, iwaonyayo wale wapunjao watu katika vipimo. Apitishaye mzigo uliozidi kwa kutia kitu mkononi mwa mtu, huyo naye ni mpunjaji. Barabara aibomoayo imejengwa kwa kodi ya wote, hata ya mama auzaye mihogo kando ya njia.

Lakini pahali pa kumpima dereva hasa ni kwenye mteremko. Wasafiri wa bara walijua jina la Salgaa kwa huzuni, huko njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, kwa sababu ya watu waliokufa hapo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa sana ni hii: dereva akifika juu ya kilima huitoa gari katika gia, akaiacha iseleleke yenyewe. Hufanya hivyo ili apunguze matumizi ya dizeli, na ile iliyobaki aiuze njiani atie fedha mfukoni. Gari likiwa katika gia ndogo, injini hulizuia lisikimbie. Likitolewa katika gia, uzito wote huangukia breki. Breki hupata moto na kulegea, na tani hizo zote zikashuka bila ya mwenye kuzizuia.

Msomaji, tazama jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana. Wizi wa lita chache za dizeli, ambao wengi huuita ujanja wa mjini, ndio huohuo unaoua abiria wa matatu iliyo mbele. Yule aliyekhini amana ya tajiri wake amekhini pia amana ya roho za watu asiowajua. Kwa hiyo siwezi kukubali mtu akiniambia, "Fulani ni mwizi kidogo, lakini ni dereva hodari." Katika kazi hii, uhodari hauwezi kukaa na wizi.

Nao wenye malori wasidhani kuwa maneno haya ni ya madereva peke yao. Sheria yetu ya barabara inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Siku hizi tajiri huliona lori lake kwa mtambo wa setilaiti hali ameketi ofisini. Likisimama kidogo tu, hupiga simu: "Mbona umesimama?" Anajua lori liko wapi, lakini hajui kama macho ya dereva yamefumba. Posho ya njiani isiyotosha chakula humtia mtu katika vishawishi, na haraka ya tajiri humnyima usingizi. Amana ina pande mbili. Amtakaye dereva mwaminifu na ampe ujira wake kamili, na saa zake za kulala.

Apitaye njia ya Nairobi huuona msikiti wa Mackinnon Road, lilipo kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa vibarua aliyetoka Punjab zama za kujengwa reli. Madereva wengi hushuka hapo, wakasali, wakanyosha miguu, kisha wakaendelea. Ni desturi njema. Lakini tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Dua haisimami mahali pa breki, na aliyesali safari yake ikiwa salama hana budi kuiendesha kwa usalama.

Vijana wetu wa Changamwe, Miritini na Mazeras wanaoitamani kazi hii nawaachia ubeti mmoja. Wanaweza kuubandika ndani ya lori, mahali pa zile picha zao:

Dereva mwenye busara, safariye huipima,
Hakimbii kwa papara, mbele nyuma hutazama,
Mali yake ni ujira, ya watu hulinda vyema,
Amana ni kubwa dhima, mbebaji na atambue.